Karatasi ya Kaboni

Meza yangu iko hatua arubaini kutoka lango la mahakama, Kakamega,
kati ya mchonga mihuri na mama wa chai ya tangawizi.
Miaka kumi na tisa vidole hivi vinaapa kwa niaba ya wengine:
*Mimi, mwenye kitambulisho nambari hii, naapa na kusema kwamba*
Hapo nasimama. Namtazama mteja. Nangoja.

Na watu husema.
Mume alivyouza ng'ombe wa mahari.
Mpaka wa shamba ulivyotembea usiku.
Mtoto ni wa nani.
Nayapiga chapa, nayachapisha, jioni nakwenda nyumbani mikono mitupu.
Mwalimu Rasoa, aliyenifunza kwenye taipureta ya chuma,
aliniachia wosia mmoja:
karatasi ya kaboni, Mmbone, ichome.

Nilichoma. Halafu ikaja kompyuta,
na kaboni yake sikujua iko wapi.

Machi, mvua ya saa tisa ikichapa mabati,
mjane wa kutoka Shinyalu alininong'onezea jina la ugonjwa.
Sikujua linavyoandikwa. Nikalitafuta,
nikaliweka mara moja tu, katika aya ya nne.
Kabla ya magharibi mashine ilikuwa ikiniuzia dawa zake,
bei nafuu,
na picha ya mwanamke anayecheka.

Nikafunika skrini kwa leso
kama mtu anayekinga mboga na nzi.

Kuta zina masikio, walituambia;
madirisha hawakuyafikia.
Na mashine yenyewe iliitwa kwa jina la madirisha,
nami sikuwahi kuuliza
nani amesimama upande wa pili wa kioo.

Shivachi, kijana wa mama chai, anasoma chuo kikuu hapo juu.
"Shangazi, nionyeshe ulipokubali."
Nilikuwa nimebonyeza NAKUBALI, kurasa sitini sijasoma hata moja,
mimi ninayewafokea wazee kila siku:
usiweke kidole gumba kabla hujasomewa!

Jumamosi mahakama imefungwa akaja na flashi shingoni.
Akasema, Linux. Akasema, ni ya bure.
Nikasema cha bure kina ndoana.
Akasema mapishi yake yamebandikwa ukutani,
apendaye na aingie jikoni, afunue sufuria.
Mapishi hayo mimi siwezi kuyasoma.
Lakini jikoni lililo wazi nalijua,
na lililofungwa komeo ndani nalijua pia.

Skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakapita mbio kama siafu.
Miaka yangu yote ilikuwa ndani ya flashi ya pili,
ndogo kuliko njugu karanga,
nami nimeifumbata mpaka kiganja kikalowa jasho.

Sitasema ilikuwa rahisi.
Printa ilinuna siku tatu.
Niliwaelekeza wateja kwa Makokha, ng'ambo ya barabara,
shilingi elfu moja mia tatu na hamsini zikaenda hivyo hivyo nikizitazama.
Ule mchezo wa karata wa saa za njaa, haupo.
Herufi niliyoipenda, yenye mkia kwenye *g*, haipo.
Siku ya pili nililia kidogo chooni; Shivachi hajui.
Na simu bado iko kifuani, najua, najua.
Moja moja.

Alhamisi printa ikakohoa, ikatoa ukurasa, pembe imepinda.
Mjane akaja kuchukua hati yake.
Akavuta kiti karibu, akauliza bila kuniangalia:
"Hukumwambia mtu?"

Swali hilo nimelijibu miaka kumi na tisa kabla halijaisha.
Safari hii nilitazama mashine kwanza.
"Kinywa changu hakijasema," nikamwambia.
Lilikuwa jibu la kweli, na halikutosha.

Nikamsogezea karatasi. Nikamsomea yote,
aya ya kwanza, ya pili, ya tatu,
ya nne kwa sauti ya chini,
ndipo nikafungua kidau cha wino.